KAMBA NYEUSI ILIYONUNUA WATU: Stori ya tumbaku ya kusokota, kutoka Bahia mpaka pwani ya Afrika

Itazame vizuri nembo ya taifa la Brazil. Kuzunguka ile nyota kubwa ya katikati kuna matawi mawili. Moja ni la kahawa, lina matunda yake mekundu, hilo hata mtoto atalitambua. La pili wengi hudhani ni maua tu ya kupendezesha. Sio maua ya kupendezesha. Ni tumbaku, tena iliyochanua.

Sasa nchi haiweki mmea kwenye nembo yake bure bure. Mmea ukiwekwa pale ujue umeingiza hela. Stori ya kahawa ya Brazil dunia nzima inaijua. Ya tumbaku inasimuliwa kidogo sana, na ukishaijua utaelewa kwa nini. Tumbaku ile ilisokotwa ikawa kamba, ikapakiwa kwenye meli, ikavuka bahari ya Atlantiki mpaka Afrika Magharibi, na kule ikabadilishwa na watu. Wanaume, wanawake, watoto. Unashusha kamba, unapakia binadamu.

Humu ndani utakuta majina ya watu machache mno. Walioisokota hiyo kamba, walioivuta na waliouzwa kwa ajili yake, wengi wao hakuna aliyejisumbua kuandika waliitwa nani.

HII KAMBA NI KITU GANI HASA?

Tumbaku ya kwenye sigara imekatwa nyembamba kama nywele, imekauka, nyepesi. Tumbaku ya kamba ni mnyama mwingine kabisa.

Majani yakishavunwa yananing'inizwa kwenye mabani mpaka yanyauke na kubadilika rangi. Kisha ule mshipa mgumu wa katikati unatolewa. Baada ya hapo kazi inataka mikono zaidi ya miwili: mmoja anapanga majani, moja linashika ekia la mwenzake bila kuachana, na mwingine anasokota. Inatoka kamba moja ndefu, nene kama kidole gumba au kupita hapo, na inazungushiwa kwenye mti kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani.

Hapo bado haijaiva. Kamba inafunguliwa kutoka kwenye mti huu na kuzungushiwa kwenye mti mwingine, na kila inapohama inakazwa zaidi. Ikikazwa inatoa maji meusi, mazito, yanayonata kama asali iliyoungua. Inaanikwa juani, inafunguliwa tena, inazungushwa tena. Siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Ndani mle majani yanachacha yenyewe kwa joto lao. Mwisho wa safari kamba ni nyeusi tii, inang'aa, laini kama ngozi iliyopakwa mafuta, na harufu yake inaingia chumbani kabla ya aliyeibeba.

Kuivuta nako ni shughuli. Mvutaji anatoa kisu, anakata vipande vyembamba kama sarafu, anavisugua kiganjani mpaka vifumuke, anaviacha vipoe unyevu kidogo, ndipo anajaza kiko. Moshi wake haushushwi mapafuni kama wa sigara. Unakaa mdomoni, na huko huko mdomoni nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mashavu na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wazee huvuta polepole, pafu moja, kimya, pafu jingine. Kijana akijifanya mjuaji akavuta haraka haraka, kamba inamfundisha adabu: kwikwi kwanza, halafu jasho la baridi, halafu dunia inazunguka, halafu chakula cha mchana kinarudi kilikotoka.

Na kitu kimoja kikubwa: kamba iliyokazwa vizuri haiharibiki upesi. Ikiviringishwa kuwa robota na kufungwa kwenye ngozi ya ng'ombe, inavumilia joto, chumvi na miezi ya baharini. Kumbuka hilo, maana ndilo lililofungua mlango wa yote yaliyofuata.

MABAKI AMBAYO MFALME HAKUYATAKA

Twende Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazil, karne ya 17. Ardhi nzuri kuzunguka ile ghuba kubwa ya Salvador ilikuwa ya miwa, na miwa ilikuwa ya mabwana wakubwa. Tumbaku ilipata mashamba ya pembeni, yenye mchanga, hasa upande wa mji wa Cachoeira. Mashamba yalirutubishwa kwa samadi. Ng'ombe walifungiwa usiku kwenye kipande cha ardhi, wakishakinyesheza vya kutosha wanahamishwa, tumbaku inapandwa. Wakulima wengi walikuwa wadogo. Wengine walikuwa na watumwa wachache, na wapo watu weusi walioachiwa huru waliolima cha kwao.

Ureno ndiyo ilikuwa mtawala, na biashara ya tumbaku ilikuwa ya mfalme. Majani ya daraja la kwanza na la pili yalitakiwa yaende Lisbon. Ya daraja la tatu, yaliyovunjika, yenye madoa, yaliyobaki sakafuni, Lisbon hawakuyataka hata kuyaona. Waliita takataka.

Lakini mkulima masikini hatupi kitu. Yale mabaki yaliokotwa, yakasokotwa, na ili yashikane na yasikauke yakapakwa molasi, ule uji mweusi unaobaki kwenye viwanda vya sukari. Na molasi Bahia ilikuwa nyingi kuliko hata maji safi. Basi kamba ya takataka ikapakwa takataka ya sukari, mara nyingi zaidi kuliko kamba ya daraja la kwanza, kwa sababu majani yenyewe yalikuwa vipande vipande.

Kilichotoka hapo kilikuwa na utamu na harufu ambayo ile tumbaku ya daraja la juu haikuwa nayo.

Katikati ya karne hiyo ya 17 wafanyabiashara wa Bahia waliruhusiwa kuipeleka tumbaku hii ya daraja la tatu moja kwa moja Afrika Magharibi, bila kupitia Ureno. Mfalme aliona hapotezi kitu, si ni takataka? Aliowaruhusu wakaja kuwa matajiri ambao yeye mwenyewe alishindwa kuwadhibiti.

PWANI YA MINA WALIONJA, WAKAKATAA NYINGINE ZOTE

Wareno waliita Pwani ya Mina eneo lote kuanzia Ghana ya leo kuelekea Togo, Benin mpaka upande wa Nigeria. Jina lilitokana na ngome ya Elmina waliyoijenga mwaka 1482. Mwaka 1637 Waholanzi wakawanyang'anya ngome hiyo, na kwa kawaida hadithi ya Wareno pale ilitakiwa iishie hapo.

Haikuishia. Waholanzi walikuwa na bunduki, ngome na meli nyingi, lakini hawakuwa na kamba ya Bahia. Na wateja wa pwani walikuwa wameshaionja. Basi ukapatikana mpango wa ajabu: meli za kutoka Bahia ziliruhusiwa kufanya biashara kwenye bandari chache tu za pwani ile, kwa sharti kwamba zibebe tumbaku na si bidhaa za Ulaya, na zikate asilimia 10 ya tumbaku yake kuiacha Elmina kama ushuru. Adui anakuruhusu upite mlangoni kwake kwa sababu mzigo wako anauhitaji na yeye.

Wangereza na Wafaransa nao walikwama hapo hapo. Walijaribu kuleta tumbaku nyingine, ya Virginia na kwingineko. Wateja wakanusa, wakairudisha. Ikabidi hao wakubwa wa Ulaya wainunue kamba ya Bahia kutoka kwa meli za Wareno pale pale pwani, ndipo waweze kununua watu.

Hapa kuna jambo linalosemwa vibaya sana kwenye vijiwe na mitandaoni. Utasikia mtu anasema, "Waafrika waliuza wenzao kwa takataka, kwa vioo na shanga, walikuwa wajinga." Ukiiangalia kamba ya Bahia, stori inakuwa tofauti. Watu wa Mina walijua wanachokitaka kuliko muuzaji. Walitambua kwa pua tumbaku ya Bahia na ya kuigiza. Waliwalazimisha Waholanzi, Waingereza na Wafaransa wote wapige magoti kwa mkulima mdogo wa Cachoeira. Mjinga hafanyi hivyo. Huyo ni mteja mwenye nguvu.

Na ndiyo maana inauma zaidi. Waliokuwa na nguvu ya kukataa tumbaku mbovu walikuwa pia na nguvu ya kukataa biashara yenyewe, na wengi wa wakubwa hawakuikataa. Ufalme wa Dahomey uliteka bandari ya Ouidah mwaka 1727, na baadaye ukatuma mabalozi wake mpaka Bahia kwenyewe, mwaka 1750 na tena mwaka 1795 na 1805. Mabalozi wa Kiafrika, wamevaa rasmi, wamevuka bahari ile ile. Hoja kubwa ilikuwa biashara: wafanyabiashara wa Bahia waje wanunue Ouidah, wasiende kwa majirani. Walioketi mezani walikuwa na vyeo na majina. Waliokuwa wanazungumziwa mezani hawakuwa na majina.

Bei ya mtu ilihesabiwa kwa robota za tumbaku. Mtu mwenye mama yake, lugha yake, utani wake na chakula anachokipenda, anawekwa upande huu. Upande ule zinawekwa robota.

BIDHAA INAYOGEUKA MAJIVU

Kulikuwa na bidhaa nyingine pwani ile: vitambaa, kauri, baruti, pombe, na dhahabu iliyotoroshwa kutoka Brazil. Kwa nini kamba ya tumbaku ikawa ndiyo ufunguo wa meli za Bahia?

Fikiria hivi. Ukinunua bunduki, utakaa nayo miaka. Kitambaa utavaa mpaka kichanike. Kauri utaweka akiba. Lakini tumbaku unaivuta leo, kesho huna. Umebaki na majivu kwenye kiko, na mwili unadai. Wanaojua arosto wanajua. Meli ya Bahia ikichelewa, pwani nzima ilikuwa inaangalia baharini.

Kwa upande wa pili wa maji mambo yalikuwa vile vile. Miaka ya 1690 dhahabu iligunduliwa Brazil, eneo la Minas Gerais, na wachimbaji walitaka watu kutoka Pwani ya Mina kuliko wa kwingine. Watu wanachimba, wanachakaa, wanakufa, wanahitajika wengine. Sehemu moja inateketeza tumbaku, sehemu nyingine inateketeza watu, na katikati meli zinakwenda na kurudi bila kukaa tupu. Mashine hiyo ilifanya kazi zaidi ya miaka 150.

Kwa ujumla Brazil ilipokea karibu watu milioni 5 kutoka Afrika, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya bara la Amerika. Si wote walinunuliwa kwa tumbaku. Lakini wale wa Bahia waliotoka Pwani ya Mina, kamba nyeusi ipo kwenye stori yao hata kama hakuna aliyewaambia.

KAMBA HIYO HIYO, KWENYE THELUJI

Utashangaa, lakini kamba ya Bahia ilifika pia Kanada. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1670, ilikuwa inanunua ngozi za wanyama kutoka kwa wenyeji wa kule. Wenyeji nao walitaka tumbaku, na walitaka ya Brazil iliyosokotwa. Kampuni ikawa inaiagiza kupitia Lisbon. Kuna wakati ikajaribu ujanja: ichukue majani ya bei rahisi, isokote kwa mtindo wa Brazil, iuze kama ya Brazil. Wateja wakaikataa.

Mwindaji wa kwenye barafu na mvutaji wa Ouidah hawakuwahi kuonana wala kusikia habari za mwenzake. Wote wawili walikuwa na ulimi ule ule usiodanganyika. Tofauti ni moja. Kule kwenye theluji kamba ilinunua ngozi za wanyama. Huku kwetu ilinunua wenye ngozi.

KIKO KWENYE KIFUSI CHA RIO

Sasa tuwafuate waliopakiwa. Meli ya mateka haikuruhusu mtu kubeba kitu. Ila kuna vitu havibebwi mkononi, na kuvuta kiko ni kimoja wapo. Waafrika wengi walikuwa wavutaji kabla hawajakamatwa, na ufundi wa kutengeneza viko vya udongo walikuwa nao.

Mwaka 2011, mafundi walipokuwa wanachimba kukarabati eneo la bandari ya Rio de Janeiro, walifukua mawe ya gati ya Valongo. Gati hiyo ilianza kutumika mwaka 1811, na inakadiriwa watu wapatao 900,000 kutoka Afrika walishushwa pale. Kwenye kifusi vilipatikana shanga, kauri, hirizi, pete za nyuzi za mmea na viko vya udongo. Mwaka 2017 UNESCO ikaitangaza Valongo kuwa urithi wa dunia.

Na hapa pwani yetu inaingia. Pamoja na watu wa Angola na Kongo, Rio ilipokea watu wengi kutoka Msumbiji, wengine Wamakua, waliopakiwa bandari kama Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Nani alishika kiko kipi, hakijaandikwa. Vile viko havina majina. Vina alama tu za michoro kwenye udongo, na midomo iliyolika kwa meno ya mtu.

Hata neno lenyewe lilivuka bahari. Kiko kwa Kireno cha Brazil kinaitwa cachimbo, na kamusi za Kireno zinalitoa neno hilo kwenye Kimbundu cha Angola, kixima, maana yake shimo la maji. Lisome tena polepole. Kixima. Kisima. Waliozaliwa kwenye lugha za Kibantu waliangalia kile kishimo cha kiko chenye moto ndani wakakiita kisima, na mabwana wao wakalazimika kujifunza kukiita hivyo. Mpaka leo Mbrazil mzungu kabisa akiomba kiko, anaongea Kibantu bila kujua.

BABU ANAYEKAA KWENYE KIGODA

Biashara ya kuleta watumwa ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1831 ambayo watu waliipuuza, kisha mwaka 1850 ikakatazwa kwa nguvu. Utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 13 Mei 1888. Brazil ilikuwa ya mwisho kwenye bara zima la Amerika.

Walioachiwa huru hawakupewa ardhi wala hela. Walibaki na vitu vidogo vidogo, na kimoja wapo kilikuwa kiko na kipande cha kamba. Na hapa ndipo stori inapogeuka.

Kwenye dini ya Umbanda, iliyokua Brazil mwanzoni mwa karne ya 20, kuna pepo wanaoitwa Preto Velho, yaani Mzee Mweusi. Ni roho za watumwa waliokufa wakiwa wazee. Huitwa Baba, Babu, Bibi, Shangazi, vile vile kama mtoto wa Kiafrika anavyowaita wakubwa zake. Mtu anayepandwa na roho hiyo anainama mgongo kama mzee aliyebeba mizigo maisha yote, anakaa kwenye kigoda kifupi, anapewa kahawa nyeusi na kiko. Anavuta taratibu, anapuliza moshi juu ya mgonjwa au mwenye shida, anasikiliza. Hakaripii. Anashauri kwa upole. Watu wa rangi zote, matajiri kwa masikini, wanapanga foleni kupiga magoti mbele ya kigoda. Siku yake kubwa ni hiyo hiyo 13 Mei.

Usikubali au ukubali mambo ya pepo, hilo ni lako. Lakini angalia kilichofanyika. Kitu kile kile kilichotumika kumnunua mtu kimeishia mkononi mwake kama dawa anayoitoa yeye. Kwenye daftari la meli alikuwa robota kadhaa. Kwenye kigoda ni Babu, na mjukuu wa aliyemnunua anamwamkia.

Hadithi za kijijini nazo zimejaa moshi huo. Kuna Saci, kijana mweusi mwenye mguu mmoja na kofia nyekundu, mtundu kupita maelezo, na kiko hakimtoki mdomoni. Kuna Caipora, mwenye msitu, ambaye mwindaji mwenye akili humwachia kipande cha kamba ya tumbaku kwenye kisiki kabla ya kuingia porini. Usipomwachia, utazunguka siku nzima uone njia ile ile. Ushuru bado unalipwa kwa kamba, ila safari hii anayeupokea ni mwenye msitu.

MTU WA MLANGONI

Kuna mchoro maarufu Brazil wa mwaka 1893, uko kwenye jumba la sanaa la Pinacoteca mjini São Paulo. Mchoraji ni Almeida Júnior. Unamwonyesha mwanaume wa shamba amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyumba ya udongo, peku, jua limempiga mpaka limechoka. Mkono mmoja umeshika kisu, mwingine kamba ya tumbaku. Anakata. Hakuangalii wewe, anaiangalia kamba.

Mchoraji jina lake lipo kwenye vitabu vyote vya sanaa vya nchi hiyo. Kichwa cha mchoro kinamtaja mwanaume kama "mtu wa shamba anayekata tumbaku", basi. Ndiyo kawaida ya kamba hii tangu mwanzo: anayeandika anatajwa, anayeishika hatajwi.

LEO IKO WAPI?

Ipo. Kwenye masoko ya kaskazini mashariki mwa Brazil utaikuta imeviringishwa kwenye mti, nyeusi, inauzwa kwa kukatwa. Mji wa Arapiraca, jimbo la Alagoas, ulijijenga kwa tumbaku ya kamba mpaka ukaitwa mji mkuu wa tumbaku. Wazee bado wanaivuta kwa kiko, wengine wanaifungia kwenye ganda kavu la mahindi. Uingereza nako, mji wa Kendal, bado kuna kamba nyeusi zinazosokotwa kwa ajili ya wavuta kiko wenye vifua vya chuma, na majani mazito yaliyokaushwa kwa moshi yanayotumika kwenye kazi hiyo ni pamoja na yanayotoka Malawi. Afrika bado iko ndani ya kamba, safari hii kama jani.

Na isipambwe ikaonekana tamu. Tumbaku inaua, iwe ya kiko, ya kamba, ya sigara au ya shisha yenye ladha ya tufaha. Ya kiko inakula mdomo, ulimi na koo. Anayevuna naye hayuko salama: majani mabichi yakiwa na umande, nikotini inapita kwenye ngozi na mkulima anaumwa kichwa, anatapika, anakosa usingizi, na hajavuta hata pafu moja. Wakulima wa mikoa yetu ya tumbaku, Tabora na Ruvuma, wanaijua hali hiyo.

Na ule ujanja wa zamani haujazeeka. Chukua kitu kikali, kipake utamu, kipe harufu nzuri, hakikisha mteja kesho atarudi. Pwani ya Mina kilipakwa molasi. Mjini leo kinapakwa strawberi na mnanaa, kinawekewa taa ya rangi na muziki.

Ukimaliza kuiangalia nembo ya Brazil, angalia ya kwetu. Miguuni mwa yule mwanamume na mwanamke wa nembo ya Tanzania kuna pamba na karafuu. Karafuu ile ilipandwa Unguja na Pemba karne ya 19 na mikono ya watumwa waliotolewa bara, wengi wao kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa na kwingineko. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897. Majina ya masultani mtu atakutajia kwa mpangilio. Jina la mtu mmoja tu aliyepanda mkarafuu, nani analo?

Brazil angalau wamempa Babu kigoda, kahawa na kiko, na siku yake kwenye kalenda. Sisi wa kwetu tumewapa nini?

Mdau, kama nyumbani kwenu kuna babu au bibi aliyesimulia habari za watu wa mashambani kwa jina, dondosha jina hilo hapo chini. Moja tu linatosha kuanzia.